Mpimaji Aliyenifundisha Kulisha

Laiti ningekataa. Siku ile lori la majani chai lilikuwa limechelewa, mvua inakuja kutoka upande wa Manga, na Mpimaji, mtu wa mizani kituoni, akaniuliza kama nataka kuwa mkulima, askari au mwizi. Ningemjibu kwamba nataka kubaki nilivyo, nikachukua kikapu kitupu cha mama nikaenda nyumbani. Badala yake nilisema mwizi, tena kwa kicheko, kama mtu anayechagua soda.

Alikuwa anazungumzia drafti. Wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nafundisha shule ya msingi bila cheti, na nilikuwa natarajia kumwoa Kemunto, binti wa mwenyekiti wa kituo chetu cha majani. Drafti na Kemunto yalikuwa mambo mawili mbalimbali maishani mwangu. Sikuona yangekutana wapi.

Mpimaji alikuwa mtu wa Nyamarambe, kule kusini, aliyeletwa kwetu Nyamira wakati chai ilipokuwa bado jambo jipya na wazee wengine wakiitazama kama mgeni aliyekalia nafasi ya migomba. Jina alikuwa nalo, lakini sikumbuki mtu akilitaja. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu iliyomfanya aonekane kila mara anachungulia juu ya ua wa mtu. Alivaa koti moja la kijivu mvua na jua. Alipokuwa na furaha alilifunga vifungo vyote, na alipokasirika alilifungua, kwa hiyo tulijua hali yake tukiwa bado mbali barabarani.

Mizani yake ilikuwa imenyooka. Nalisema hili mapema kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani alikuwa tapeli. Hakupokea kuku wa mtu. Hakuweka kidole kwenye ndoano. Mama aliyempangisha chumba aliwahi kuleta majani yaliyolala tangu jana, yamejikunja. Mpimaji aliyamwaga mezani, akayapekua kwa kidole kimoja, akamwambia ayarudishe. Jioni alikuta mlango wa chumba chake umefungwa kwa kufuli, akalala kituoni juu ya magunia. Kesho yake mama yule akaleta yaleyale akiwa ameyachanganya na mabichi. Akayakataa tena, akalala tena kwenye magunia. Siku ya tatu mama alileta majani mazuri na ufunguo.

Kwenye mizani alizungumza Kiswahili tu. Hili liliwaudhi watu, kwa maana wote tulikuwa Wagusii na hapakuwa na mgeni wa kutafsiriwa. Mwanamke angemsalimu kwa Ekegusii, naye angejibu, "Mama, weka kikapu." Nilimuuliza sababu. Akasema kwa Ekegusii huwezi kuongea na mtu kabla hujamjua ni nani wako. Ukishamwita mama mdogo au shangazi, utamkatalia vipi majani? Kiswahili hakikumjua shangazi wa mtu. Kilikuwa chuma kama mizani yenyewe.

Ubaoni ilikuwa kinyume. Pale alizungumza Ekegusii kitamu cha kwao, akaniita "momura", yaani kijana, akatania, akaimba vipande vya nyimbo za kuchungia ng'ombe. Mtu angemwona asubuhi kwenye mizani na alasiri kwenye drafti angefikiri ni ndugu wawili wasiopatana.

Ubao wake haukuwa wa mbao. Ulikuwa bamba la jiwe laini linalochimbwa Tabaka, zito, lililochongwa miraba, na kete zake zilikuwa za jiwe hilohilo: nyeupe kama maziwa na nyingine za rangi ya waridi iliyoiva. Asubuhi kete zilikuwa baridi mkononi. Alilitunza jiwe lile kuliko viatu vyake. Sisi tuliozoea kadibodi na vizibo vya chupa tulisogea karibu kila alipolitoa kwenye gunia.

Kwa wasioijua drafti yetu, sheria moja yatosha: kula ni lazima. Nikiweka kete yangu mbele ya yako na nyuma yake pakawa wazi, huna hiari. Unairuka, unaila, unatua pale nilipotaka utue. Wachezaji wengi huiona sheria hiyo kama zawadi kwa mlaji. Mpimaji aliiona kama kamba.

Alisema ubaoni kuna watu wa namna tatu, na kila mmoja lazima achague mapema kwa sababu huwezi kuwa wote. Mkulima hufunga kete zake pamoja kama ua, huenda polepole, hampi mtu kitu. Askari hubadilishana kete kwa kete, anategemea kubaki wa mwisho. Mwizi huanza kwa kupoteza. Anamlisha mwenzake, anamlisha tena, hadi mwenzake anapokuwa ametua kila mahali isipokuwa mahali pa kujilinda. Kisha kete moja iliyosahauliwa pembeni inainuka na kula zote kwa mruko mmoja.

Mimi nilikuwa nimetoka shuleni nikicheza kama askari, kwa kelele, nikipiga kete juu ya ubao. Kuchagua mwizi kulimaanisha kuvuliwa hayo yote. Kwanza aliniondolea mstari wa nyuma. Kila mchezaji hupenda kuacha kete zake za nyuma nyumbani zizuie kingi, yaani kete ya mwenzake iliyofika mwisho na kupata nguvu ya kurudi nyuma, lakini alisema huo ni ua wa mkulima, na mwizi mwenye ua anajionyesha ana kitu cha kuibiwa. Halafu akanikataza kutafuta kingi. Kingi hutazamwa na kila mtu. Akaniambia hata wizi una matawi yake. Kuna anayejificha, kuna anayekimbia, na kuna anayelisha, na mwenye kujaribu matatu hushikwa kwa yote. Alinitazama kwa muda mrefu, koti limefungwa hadi shingoni, akasema nitakuwa wa kulisha.

"Kwa nini?"

"Uso wako, momura. Ni uso wa mtu aliyeibiwa kuku na majirani wanajua aliyemwiba."

Waliokuwa wakisubiri lori walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nimepewa kitu changu mwenyewe, na mtu akikupa kitu chako mwenyewe huoni sababu ya kukikataa.

Masika yote yale hakuniruhusu kushinda hata mara moja. Tulicheza kila alasiri nikitoka shuleni, na kila nilipokuwa na njia ya kushinda alinifunika mkono. Alitaka nijue kupoteza. Ningepoteza kete, naye angeuliza, "Sasa hivi mabega yako yamefanya nini?" Ningesema yameshuka. "Na mkono?" Ulikuwa umeshika sikio. "Na pumzi?" Ilitoka puani. Basi akanitaka nifanye vilevile wakati sijapoteza kitu. Alinifanya nirudie kama mtoto anayerudia herufi: shusha mabega, shika sikio, toa pumzi, lisha. Akasema mtu hali kete kwa sababu ya sheria peke yake. Anakula vizuri akikuhurumia, kwa sababu mwenye huruma hatazami pembeni.

Kulikuwa na fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda karibu na kituo, mtu wa maneno. Akiniona nikigawa kete alinipigia kelele, "Mwalimu, huko shuleni mnafundisha kugawa tu? Kujumlisha hakuna?" Mpimaji alimpenda kwa kelele hizo. Alisema mwizi mzuri huletewa watazamaji wa kumcheka bila kulipa.

Na kulikuwa na neno la mwisho. Mwizi akishamaliza, akishakusanya kete zote za mwenzake kwa mruko mmoja, humuuliza, "Umeshiba?" Bila kucheka. Kwa sauti ya mwenyeji anayemuuliza mgeni wake. Pale kituoni neno hilo lilikuwa utani mkubwa kuliko tusi lolote, na Mpimaji alinifundisha nilitamke hadi litoke lenyewe pamoja na kete ya mwisho, mkono na mdomo kama kitu kimoja.

Yeye mwenyewe hakula kwa mtu. Hili lilinichukua muda kuliona. Alibeba ndizi zake mbivu kwenye mfuko wa koti, akala akiwa amesimama, mgongo kwa watu. Kwetu kukataa chakula nyumbani kwa mtu ni jambo zito, huwezi tu kusema sina njaa. Kwa hiyo hakuingia nyumba za watu. Alialikwa kwenye harusi, akasimama nje ya ua na kuimba na waimbaji hadi chakula kilipoletwa, kisha hakuonekana. Lakini sisi alitulisha. Alinunua mandazi kwa mama wa sokoni, akayaweka kando ya ubao, na mtu aliyekula mandazi yake aliona vibaya kuondoka kabla mchezo haujaisha. Mimi nimekula mengi.

Alikuwa Mkatoliki katikati ya Wasabato. Jumamosi kituo kilipokuwa kimya na sisi sote tuko kanisani, alikaa peke yake barazani akicheza mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mkulima, wa kushoto mwizi. Watoto waliotoroka ibada walisema aliugombeza mkono wa kulia: "Tena umekula! Umeambiwa mara ngapi?" Nilimuuliza kama wa kulia uliwahi kushinda. Akafungua kifungo kimoja cha koti, akasema wa kulia ni wa kupimia majani.

Nilipoanza kushinda, nilishinda kila mtu. Fundi wa baiskeli, madereva wa lori, walimu wenzangu. Walijua mimi ni mwizi na bado walikula, kwa sababu sheria iliwalazimisha na uso wangu uliwasaidia. Furaha ya mambo hayo ilikuwa kubwa, sitaikana. Lakini ndani ya furaha hiyo nilianza kuona kitu. Siku moja mwalimu mkuu aliuliza nani aliyeacha wazi stoo ya majembe. Sikuwa mimi. Nilifungua mdomo kusema hivyo, nikahisi mabega yakishuka, mkono ukienda sikioni. Nilikuwa nasema kweli kwa uso wa ubaoni. Mwalimu mkuu alinitazama kwa upole, akasema yamekwisha, nisirudie.

Nilijaribu kurudi kuwa askari. Nilipanga kete zangu vizuri, nikaacha mstari wa nyuma nyumbani, nikaenda moja kwa moja. Baada ya hatua chache nilijikuta nimelisha. Mkono ulikuwa umeshaizoea njia ile na njia nyingine zote zilikuwa zimeota majani.

Kemunto alitaka nimfundishe. Yeye alikuwa akichuma majani shambani kwa baba yake, na njia ya kwenda mtoni ilipita kando ya shule. Tulichora miraba kwenye udongo, tukatumia mbegu za parachichi zilizokatwa na mawe madogo. Aliponiona nimepoteza mbegu tatu alisikitika kweli, akanirudishia moja, akasema nijaribu tena. Niliila mistari yake yote. Sikusema umeshiba, angalau hilo sikulisema kwake. Alikaa akitazama udongo.

"Kumbe hukuwa na shida," akasema.

"Ni mchezo tu."

"Najua ni mchezo. Nasema kumbe hukuwa na shida."

Akafuta miraba kwa mguu, akachukua mtungi. Hatukucheza tena, na kwa kuwa aliendelea kunicheka na kunitania kama kawaida, nilidhani amesahau.

Baba yake, Mwenyekiti, alikuwa mzee wa kanisa, mtu mnene wa sauti ndogo, aliyetembea na fimbo asiyoihitaji. Wakulima walimchagua awasemee. Wazee wetu na wazee wake walikuwa wameshakaa mara moja kuzungumzia ng'ombe wa mahari, na walikuwa wameachana kwa amani. Ilibaki kukaa tena. Katika kipindi hicho mimi na yeye tulikuwa tumeshaanza ile heshima tunayoiita chinsoni: nikimwona njiani napunguza mwendo, sitanii mbele yake, simwangalii machoni muda mrefu, na yeye hali kadhalika ananichungia maneno yake. Baba na mwana, mkwe na mkwe, hawachezi pamoja. Utani ni wa babu na mjukuu, au wa rika moja. Kituoni, Mwenyekiti alipokuja, niliondoka ubaoni hata kama nilikuwa nimebakiza mruko mmoja.

Yeye na Mpimaji waligombana kwa sababu ya majani. Mke wa Mwenyekiti alileta kikapu chenye vijiti na majani magumu. Mpimaji akakimwaga mezani mbele ya kila mtu. "Mama, haya yamekomaa." Mwenyekiti aliona amedharauliwa, akaanza kwenda huku na huko kuomba tuletewe mpimaji mwingine. Nawaambia tena, majani yale yalikuwa magumu. Mpimaji alikuwa na haki. Alikaa wiki nzima koti wazi.

Kisha siku moja alilifunga. Nilifika kituoni nikamkuta Mwenyekiti ameketi mbele ya jiwe la Tabaka, fimbo kati ya magoti, na watu wamezunguka kuliko kawaida. Nikapunguza mwendo ili nipite. Mpimaji akaniita, na aliniita kwa Kiswahili.

"Mwalimu, keti. Mzee anakusubiri."

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia anajua siwezi kukaa pale na mzee yule. Akajibu, bado kwa Kiswahili, kwamba ng'ombe hawajatoka kwetu, kwa hiyo mzee yule si mkwe wangu bado, ni mchezaji tu. Tena ni mzee mwenyewe aliyeomba. Anataka kuona mtu anayemtaka binti yake ana kichwa cha namna gani. Nikikataa, atasema nimemkataa mbele ya watu.

Baadaye nilikuja kujua kwamba Mwenyekiti aliambiwa ni mimi niliyeomba, kwamba nina hamu ya kumzoea nikaona haya kusema, na kwamba akikataa atanivunja moyo. Kwa hiyo tuliketi wote wawili kwa ajili ya kumpendeza mwingine. Mpimaji aliweka mandazi katikati. Mzee akachukua moja, na mimi nikachukua.

Mwenyekiti alikuwa mkulima, kama nilivyotarajia. Alifunga ua wake. Nilikusudia kwa moyo wote kucheza vibaya na kushindwa. Nilikuwa nimeshaamua hivyo kabla sijagusa kete. Lakini mimi nilikuwa na namna moja tu ya kucheza vibaya. Nililisha. Mabega yakashuka, na safari hii yalishuka kweli, kwa hofu, lakini nani angejua tofauti? Mkono ukaenda sikioni. Mzee alikula kete yangu kwa aibu, kama mtu anayekula chakula cha mtoto. Nikalisha tena. Alisita, akaninong'oneza, "Mwanangu, angalia pale. Rudisha hiyo, weka hapa." Fundi wa baiskeli akasema kwa sauti kwamba mzee ameshaanza kumlea mkwe. Watu wakacheka vizuri, bila ubaya.

Sikuirudisha. Hadi leo natafuta sababu, na ninachokikumbuka ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshaona kete ya pembeni. Mzee alikula ya tatu, akatua pale, ua wake ukawa wazi kuanzia mlango hadi jikoni. Nilitazama jiwe. Kula ni lazima. Sheria ilinihusu na mimi pia, lakini ningeweza kupindua ubao, kujifanya ninaumwa, kuinuka na kukimbia mvua ambayo haikuwepo. Niliruka. Niliruka mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, jiwe likigonga jiwe, na kete ilipotua mara ya mwisho mdomo wangu ukasema, kwa sauti ya mwenyeji mwema:

"Umeshiba, mzee?"

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliitazama miraba iliyo wazi. Kisha alifuta makombo ya mandazi kwenye suruali, akachukua fimbo yake, akasimama.

"Nimeshiba," akasema. "Asante kwa chakula."

Aliondoka polepole. Mpimaji alikuwa ameshaanza kukusanya kete kwenye gunia, nyeupe na nyeupe, waridi na waridi, koti limefungwa hadi juu. Kesho yake mama yangu alipeleka majani. Yalikuwa na vijiti viwili vitatu. Mpimaji akayamwaga mezani, akamwambia, "Mama, haya yamekomaa." Nami nilikuwa nimesimama hapohapo.

Mwenyekiti hakuja tena kituoni. Alituma watoto na vikapu. Alijiuzulu kuwasemea wakulima, na habari ya kuleta mpimaji mwingine ikafa.

Nilikwenda kuomba msamaha nikiwa na mjomba wangu. Mzee alitupokea vizuri, tukapewa uji. Mjomba alizungumza, kisha nikazungumza mimi. Nilipofika kwenye lile neno nililosema, nililia. Sikulia kwa mchezo. Nililia kwa sababu nilikuwa naona kila kitu kinatoka mikononi mwangu. Nilihisi mabega yakishuka na nikajua yanavyoonekana, nikajaribu kuyainua, na mkono ukatafuta sikio, nikaukalia. Mzee alinitazama akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Hakukasirika. Ningetamani angekasirika.

"Huo uso nimeuona," akamwambia mjomba wangu, si mimi. "Sijui niujibu vipi. Siku ile niliuhurumia."

Kemunto nilimkuta njiani siku chache baadaye, kikapu mgongoni. Nilimwambia yote: kwamba nilidanganywa, kwamba sikutaka kukaa, kwamba nilitaka kushindwa. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza swali moja.

"Na mimi uliponiambia kwenye njia ya mtoni kwamba unanipenda, ulikuwa na uso gani?"

Nikasema wangu. Akasubiri niseme zaidi. Kila neno nililolitafuta lilikuwa limeshawahi kutumika ubaoni. Alipanga mkanda wa kikapu vizuri kwenye paji la uso, akapita.

Mpimaji nilimwona tena baada ya miaka mingi, katika ile miaka ya sabini, nilipokuwa nimeshapata cheti cha ualimu. Shule yangu ilinituma Tabaka kuchukua kikombe cha jiwe cha kuwapa washindi wa mbio. Wachongaji walikuwa wamekaa kwenye vumbi jeupe, nywele nyeupe, kope nyeupe, na mmoja wao, aliyekuwa na beseni la maji akisugua kete za drafti kwa msasa, alikuwa na shingo ndefu. Alikuwa amestaafu. Wafanyabiashara walikuwa wakinunua drafti za mawe na kuzipeleka Nairobi kwa Wazungu, naye alipewa kazi ya kulainisha kete. Koti lilikuwa lilelile.

Alinijua. Akatoa ndizi mfukoni, akanipa. Nilikula. Akapanga kete mbele yangu bila kuuliza, akasema leo atakuwa mkulima, amezeeka, hataki tena mbio. Nilitamani nicheze wazi mara hiyo moja, na mzee aliyenifundisha, pale ambapo hakuna mtu anayenijua. Nilifunga ua. Baada ya muda nikaona nimelisha.

Alikula. Alijua anakula nini, kila mara aliinua macho kunitazama kabla ya kula, na akala. Alitua pale nilipotaka. Nilipomaliza kuruka alisubiri neno. Sikulisema.

"Nimeshiba," akasema mwenyewe, akacheka, vumbi likamtoka kwenye nyusi.

Nilimuuliza kama siku ile alijua kwamba nataka kumwoa binti wa mzee yule. Nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu kiasi kwamba nilishaandaa majibu yake: kwamba alisahau, kwamba hasira ilimpofusha, kwamba hakudhani itafika pale. Nilikuwa tayari kumsamehe kwa lolote kati ya hayo.

Aliitumbukiza kete kwenye beseni, akaigeuza majini, akaitoa.

"Nilijua, momura. Fundi wa baiskeli angeweza kucheza naye. Dereva angeweza. Lakini nani mwingine angehurumiwa na mzee yule?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini alitumia shoka na si panga. Kisha akaniuliza nimeoa wapi. Nikamwambia. Akasema ni ukoo mzuri. Nilimshukuru kwa ndizi, nikachukua kikombe cha washindi chini ya mkono, nikapanda kilima kutafuta gari la Kisii. Sikumwona tena. Nilisikia kifo chake kwa mtu wa Nyamarambe sokoni, wakati mazishi yalikuwa yameshapita.

Sikumlaumu kama nilivyofikiri ningemlaumu. Aliniuliza nataka kuwa nani, na mimi nilijibu. Jibu lile lilinigharimu Kemunto. Aliolewa Magwagwa, akazaa huko, akazikwa huko, na katika miaka yote hiyo hakuamini kwamba nilimpenda.